Banio na Nyumba ya Mzazi

Mfereji wetu ulianzia juu, karibu na msitu wa Meru, na ulipofika mgombani kwetu ulikuwa umekwisha kunywesha nyumba nyingi. Hatukuuchimba sisi wala baba zetu. Kila kiangazi uliziba au ulibomoka mahali fulani, na kila ulipobomoka pembe ilipigwa asubuhi, na kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja mwenye jembe. Nyumba ikikosa kutoa mtu mara mbili, mzee wa mfereji aliziba mlango wake wa maji kwa udongo na vipande vya mgomba, na hakuna aliyethubutu kuuzibua.

Niliiogopa pembe ile kuliko nilivyoogopa chui. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nyumbani kwetu, juu kidogo ya Akheri, mwenye nyumba nilikuwa mimi, msichana.

Baba alikufa kwa kichomi wakati wa masika. Mama alimfuata kabla kahawa ya mwaka ule haijaiva. Nilikuwa darasa la nne katika shule ya misheni. Nilirudisha kibao changu kwa mwalimu nikamwambia nitarudi baada ya mavuno. Akakipokea, akakifuta kwa kiganja, akampa mtoto mwingine nikiwa bado nimesimama pale. Nilibaki na wadogo wawili: anayenifuata, tuliyepishana miaka miwili, na kitinda mimba wetu, msichana wa miaka sita. Ninayetaka kumwandika hapa ni anayenifuata.

Alizaliwa mwanamume. Nasema hivyo mapema kwa sababu ndivyo watu walivyoanza siku zote walipomzungumzia, kisha wakanyamaza, wasijue wamalizeje. Tangu alipoanza kutembea alifuata wanawake. Alikata majani ya ng'ombe pamoja nao, akamenya ndizi pamoja nao, akachota maji na kata kichwani. Baba alimchapa mara mbili tatu, kisha akaacha. Mama alisema, "Mkono umekwisha kuchagua kazi yake. Mnauchapa wa nini?" Rika lake lilipotahiriwa alipelekwa na wenzake. Hakulia. Alikaa nao siku zote zilizotakiwa, akatoka amenona kama wao, akacheza ngoma siku moja, na kesho yake nikamkuta jikoni amejifunga kaniki ya mama.

Kanisani wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande wa pili. Yeye alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, pamoja na wenye watoto wanaolia. Mwinjilisti alimpita kwa macho kila Jumapili kama mtu anayepita shimo njiani.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kwetu, mwanamke akijifungua, mwanamume haingii katika nyumba ile mpaka siku za uzazi zitimie, hata awe mumewe. Mdogo wangu aliingia. Alianza kwa kupeleka kuni na maji ya moto mlangoni. Baadaye akaambiwa aweke ndani. Baadaye akaambiwa akae. Alipofika miaka kumi na tano alikuwa anaitwa yeye mwenyewe. Alijua kumkanda mzazi tumbo bila kumwumiza, alijua kumwosha mtoto, na mtori wake wa ndizi, wenye mafuta na nyama iliyopondwa mpaka ikapotea, uliwatoa machozi wanawake waliokuwa hawajala siku mbili. Hakuna mtu aliyeamua kwamba aruhusiwe. Ilitokea tu, kama njia ya miguu inavyotokea kwenye majani.

Juzi mjukuu wangu, aliyesoma kuliko sisi wote, aliniambia kwamba kule Amerika, kwa wenyeji wa kwanza wa nchi ile, kuna watu ambao siku hizi wanajiita watu wa roho mbili. Baadhi ya makabila yao yaliwapa watu hao kazi zao na heshima yao, mpaka wageni wakaja na sheria zao na makanisa yao, na watu hao wakaanza kujificha. Nilimwomba anisomee tena, taratibu. Nilifurahi, lakini lile jina sikulichukua. Ni lao, limetoka katika mambo yao, na wamelilipia. Sisi hatukuwa na jina. Tulikuwa na nafasi tu, ndogo, kati ya jiko la huyu na jiko la yule, na nafasi isiyo na jina watu wanaweza kuifunga siku yoyote na kusema haikuwapo.

Mwaka ninaousema ndio mwaka walipotaka kuifunga.

Miaka mitatu baba mdogo, ndugu wa baba yetu, alikuwa akienda mferejini kwa ajili yetu. Kiangazi kile alipata kazi ya unyapara katika shamba la kahawa la mzungu mmoja upande wa Tengeru, akawa anarudi Jumapili tu. Kwake alimweka shemeji yake achimbe. Kwetu hakuweka mtu.

"Una mwanamume mzima ndani," aliniambia. "Mpe jembe."

"Baba mdogo, unamjua alivyo."

"Namjua. Mfereji haumjui. Mfereji unajua jembe."

Pembe ilipigwa na hatukutoa mtu. Siku ya pili yake mzee wa mfereji alikuja mwenyewe, akasimama kwenye ukingo wa migomba, hakukaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Jana sikuliona jembe la marehemu."

"Tutalileta, baba."

"Mlilete. Ng'ombe wa marehemu bado anakunywa maji."

Alisema kwa upole, na upole ule ulinitisha zaidi. Nilikuwa na miche mia ya kahawa niliyoiotesha kwa mbegu za mikahawa ya mama, na ng'ombe mwenye mimba. Maji yakifungwa Agosti, miche isingefika mwisho wa mwezi.

Kazi ya safari ile haikuwa ya kuzibua tope huku chini. Ilikuwa ya kujenga upya banio, pale juu maji yanapochepushwa kutoka mtoni kuingia mferejini. Banio lilikuwa na mwiko wake. Mwanamke hafiki pale, hapiti hata juu yake kukata kuni. Ilisemwa kwamba maji yakimwona mwanamke pale yanarudi chini ya mawe. Tulikuwa Wakristo, tumebatizwa, tunaimba sauti nne. Lakini sijapata kumwona mwanamke wa Kimeru, Mkristo wala asiye Mkristo, aliyekwenda kujaribu.

Nilitoa kaptula na koti la baba sandukuni nikaviweka juu ya kigoda. Mdogo wangu alikuwa anapepeta mahindi. Aliweka ungo chini, akavitazama.

"Dada, nikienda kule naenda kama nani?"

"Kama mtu mwenye jembe."

"Wao hawataona jembe."

"Siku mbili tu. Wakimaliza banio, umemaliza."

"Na wakiniuliza?"

"Chimba. Mtu anayechimba haulizwi."

Nilijua kwamba ni uongo. Alivaa. Koti lilimfikia magotini. Kitinda mimba alicheka, akadhani ni mchezo, nami nikamchapa kofi la mgongoni ambalo halikuwa lake.

Yaliyotokea kule nilisimuliwa naye, na mengine niliyasikia kwa majirani. Walipomwona anakuja mmoja alisema, "Leo tumeletewa wa kutupikia." Mwingine akasema, "Nyamaza, huyu ndiye bwana wa akina mama." Kijana mmoja, aliyeoa mwaka juzi, mwenye mdomo kuliko wote, akamwuliza kama chini ya koti amevaa kaniki. Mdogo wangu alichimba. Alibeba mawe, akakata mabonge ya majani, akayakanyagia. Jioni ya siku ya pili aliwaambia kwamba upande wa kushoto haujakanyagwa vizuri, udongo bado unahema. Wakacheka. "Sikilizeni mama anatufundisha kusonga ugali." Wakashuka.

Siku tatu baadaye, asubuhi kabla ya ng'ombe kunywa, mfereji ulikauka. Banio lilikuwa limebomoka lote, kuanzia kushoto.

Sitaki kujifanya kwamba sikuelewa mara moja. Niliposikia kimya pale ambapo maji yalikuwa yanasikika siku zote, nilijua nani atalaumiwa.

Maneno yalianza na wanaume. Walisema maji yamemwona mwanamke. Lakini wengine walikataa: huyu katahiriwa pamoja nasi, tulilala naye chini ya paa moja, huyu ni mwanamume. Hapo ndipo jambo lilipogeuka na kuwa baya zaidi. Kama ni mwanamume, walianza kuulizana, ameingia nyumba ngapi za wazazi? Ameshika wake za nani? Mtoto wa nani alikohoa mwezi uliopita? Kwa hiyo vyovyote watakavyoamua, mdogo wangu alikuwa amevunja mwiko. Akiwa mwanamke, ameharibu banio. Akiwa mwanamume, ameharibu nyumba za watu. Miaka yote hakuna aliyekuwa amemtaka awe kimoja, na kwa hiyo alikuwa salama. Mimi ndiye niliyemvalisha koti nikawafanya watu wote waulize.

Wanawake waliacha kumwita. Mama mmoja aliyekuwa karibu kujifungua, aliyekwisha kumwomba, alibadili njia alipotuona. Na yule kijana mwenye mdomo alinikuta nimebeba majani, akanisaidia hata kuyaweka sawa kichwani, akaniambia bila kupandisha sauti, "Jumamosi kwenye mkutano tutamvua, jambo liishe." Alisema kama mtu anayezungumza juu ya kukagua mbuzi mnadani Ngaramtoni.

Tangu siku ile sikuweza kula. Nilisikia miguu ya watu mgombani mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nilimkataza kitinda mimba kwenda kuchunga. Nilimkataza mdogo wangu kwenda hata chooni peke yake, mpaka akaniambia, "Utanifunga kamba na ng'ombe?"

Niliwaza kwenda serikalini. Siku ya Alhamisi nilibeba ndizi mpaka Arusha mjini, nikauza haraka bila kubishana na mtu, nikaenda nikasimama ng'ambo ya barabara kutoka boma la bwana shauri, mzungu wa serikali. Askari alikuwa mlangoni na kofia yake nyekundu. Nilijaribu kuyapanga maneno. Kila nilivyoyapanga, yalifika mahali ambapo karani angeuliza: ni mwanamume au mwanamke? Na tulikuwa tumesikia, sijui kutoka wapi, kwamba sheria ya Mwingereza ina kifungo kwa wanaume wa namna fulani. Hatukujua namna gani. Niliogopa kwamba karani ataandika, na kitu kikiandikwa bomani hakifutiki. Nilirudi nyumbani kwa miguu njia nzima, kikapu kitupu kichwani, na kilikuwa kizito.

Baba mdogo alikuja Ijumaa, ameomba ruhusa. Alitaka mdogo wangu aondoke kabla ya mkutano. Alimjua Mchaga mmoja mfanyabiashara, mwenye nyumba upande wa Moshono, anayetafuta mtu wa kazi.

"Atavaa suruali, atafagia dukani, watu watasahau," alisema.

Mdogo wangu alikuwa anachochea moto. "Nikiondoka leo, kesho watasema mchawi amekimbia. Halafu watakuja kwa hawa wawili."

"Na ukibaki?"

"Nikibaki watanitazama."

Baba mdogo akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Amua." Kisha akaomba chai. Sikuamua. Nilimpa chai.

Mkutano ulifanyika pale mfereji unapogawanyika, chini ya kanisa, jua likiwa limepanda vizuri. Wanaume walikaa kwenye majani, wanawake walisimama nyuma, kando ya ua wa majani ya masale. Mdogo wangu alikuja amevaa kaniki. Nilikuwa nimemwomba avae koti, akalirudisha sandukuni. Alisimama karibu nami, ameshika pindo la kaniki kwa mikono miwili.

Mzee wa mfereji alizungumza juu ya maji, kisha juu ya mawe, kisha akaniita.

"Wewe ndiye mwenye nyumba. Tuambie mbele ya watu. Nyumbani kwako mna mwanamume, au hamna?"

"Kwa nini tuulize?" kijana yule akasema, na alikuwa amekwisha kuinuka. "Si huyu hapa? Tumvue tuone, twende tukachimbe."

Watu wawili watatu walicheka. Watatu wengine waliinuka naye. Baba mdogo alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilipiga hatua moja mbele. Nilisema, "Shikamoo, mzee," ingawa nilikuwa nimekwisha kumwamkia.

"Marahaba. Sema."

"Mkimvua mkaona mwanamke, mtasema ameharibu banio. Sawa. Mkimvua mkaona mwanamume," nikasimama kidogo, kwa sababu nilichotaka kusema hakisemwi na msichana mbele ya wanaume, "basi mwaka huu kuna nyumba nne alizoingia kabla ya siku za uzazi kutimia. Moja ni ya mke wa mwanao, mzee. Mjukuu wako, siku ulipompokea mlangoni kwa mara ya kwanza, mikono hii ilikuwa imekwisha kumwosha siku zote zile. Nyingine ni ya huyu anayetaka kumvua."

Hakuna aliyecheka.

"Mimi sikuwapo," kijana akasema. "Nilikuwa kwa mzungu, napalilia."

"Mkeo alikuwapo," sauti ya mwanamke ikasema kutoka kwenye masale. "Na mtori alikunywa."

Hapo wanawake wakacheka, kwa pua, wakijificha nyuma ya nguo zao. Kijana hakukaa, lakini hakuja mbele pia. Mzee wa mfereji alichokoa bonge la majani kwa fimbo yake, akaligeuza, akaligeuza tena. Nilimwogopa sasa kuliko nilivyomwogopa kijana, kwa maana nilikuwa nimeitaja nyumba yake hadharani.

"Sikukuuliza nyumba za watu," akasema mwishoni. "Nimekuuliza nyumba yako. Mna mwanamume, au hamna?"

Nilielewa alichokuwa ananipa. Nikisema tunaye, maji ni yetu, lakini maneno yote yanafunguliwa upya, na mikono ile inarudi kwenye kaniki. Nikisema hatunaye, hakuna sababu ya kumvua mtu. Na hakuna maji. Niliwaza miche ya mama. Nakiri kwamba niliiwaza, muda mrefu wa kutosha mdogo wangu kugeuka kunitazama.

"Hatuna," nikasema.

"Paza sauti, watu wasikie."

"Nyumbani kwangu hatuna mwanamume. Jembe lile nililituma mimi. Aliyelibeba hakutaka kwenda."

Mzee akatoa uamuzi. Nyumba isiyo na mwanamume haina zamu ya maji. Tutoe kondoo wa kulisafisha banio. Na huyu, hakumtaja alivyo, alimwonyesha kwa fimbo tu, asipande tena kupita daraja la magogo, lililo chini ya banio, maisha yake yote. Mwinjilisti, aliyekuwa amekaa na wanaume muda wote, alisikia neno kondoo akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumtembelea.

Kondoo alikuwa mmoja tu, jike, wa mama. Walimchukua mchana ule ule. Banio likajengwa, maji yakarudi, na yule kijana ndiye aliyetumwa kuziba mlango wetu. Alileta udongo na vipande vya mgomba, akakanyagia kwa miguu yote miwili, vizuri, kila upande. Hakunitazama.

Tulipoingia ndani mdogo wangu alikaa karibu na jiko lisilo na moto.

"Umesema hatuna," akasema.

"Nimesema."

"Hukuniuliza."

Ni kweli. Sikumwuliza nilipompa jembe, na sikumwuliza nilipomnyang'anya. "Ningekuuliza, ungenijibu nini?"

Alifikiri. "Ningesema banio limebomoka kushoto." Kisha akainamisha kichwa magotini, na mabega yake yakatetemeka, na sikujua kama analia au anacheka, nami sikuthubutu kumgusa.

Kesho yake ilibidi tuchote mtoni. Njia ilishuka korongoni, mbali, na pale chini walichota wajane na wanawake wa nyumba za chini ambazo mfereji haukuzifikia. Hao hatukuwazoea. Habari walikuwa wamekwisha kuzisikia, na hakuna hata mmoja wao ambaye mdogo wangu alikuwa amewahi kumpikia mtori. Nilimwambia nitakwenda peke yangu, mara tatu, mara nne, kadiri ng'ombe atakavyohitaji. Akachukua debe kubwa, akasokota kata, akatangulia. Nilificha panga ndani ya kanga niliyokunja kwapani, nikamfuata.

Walikuwa saba au wanane. Walituona tangu tukiwa juu kwenye mteremko, na mazungumzo yakakoma. Tulishuka katika kimya kile, mawe madogo yakiporomoka mbele yetu. Mdogo wangu aliwaamkia. Wawili waliitikia. Mama mmoja mtu mzima alimtazama kuanzia kwenye kata mpaka miguuni, bila haraka, akarudi tena mpaka kwenye kata. Nilishika mpini ndani ya kanga.

Mahali pa kuchotea palikuwa jiwe moja bapa, na debe la yule mama lilikuwa juu yake. Akalisogeza kando. Hakusema karibu. Alilisogeza tu, kiasi cha debe jingine kuenea, akaendelea kusugua miguu yake kwa mchanga. Mdogo wangu akainama, akachota.

Tulipanda mlima, yeye mbele. Panga sikuliachia mpaka tulipofika nyumbani, wala kesho yake, wala wiki nyingi baada ya hapo.